Kusiba kwa Mujibu wa Boksi la Sabuni

Jumamosi, tarehe 14 Oktoba 1995, saa kumi na dakika ishirini za alasiri, jua likiwaka, upepo umesimama, na moshi wa mashamba yaliyochomwa umeutanda mji wa Mpanda kwa wiki ya tatu bila tone la mvua, Melkior, karani wa mahakama, alisukuma kete yake ya kifuniko cha soda chumba kimoja mbele, kisha akakunja mikono kifuani.

"Umesiba, Abdillah. Ubao unarudi kwangu."

Abdillah, fundi cherehani na bingwa wa drafti wa mwaka uliopita, aliinama kuzitazama kete zake tatu za mwisho. Kweli, hazikuwa na pa kwenda. Akainua uso, akatabasamu.

"Nimesiba, nani kakataa? Nimesiba, zamu imenipita. Cheza wewe, karani."

Hapo ndipo palipokuwa na ugomvi. Iwapo kusiba kulikuwa ni kushindwa, mchezo ulikuwa umekwisha. Iwapo kulikuwa ni kupitwa na zamu tu, Melkior alilazimika kucheza, na kete yoyote ambayo angeisogeza ingefungua njia, naye angeliwa tatu kwa mruko mmoja na kushindwa. Watu wa kijiwe kile, mbele ya duka la Sadalla, walikuwa wamelitumia neno hilo kwa miaka sita bila kuulizana maana yake, kwa kuwa aliyesiba kwa kawaida alikuwa ameshakwisha kwa namna nyingine.

Ubao wenyewe ulikuwa wa mninga. Baba yake Melkior, seremala wa Kasansa, aliuranda kwa mkono na kuvichoma vyumba vyake vyeusi kwa chuma cha moto, mwaka mmoja kabla hajafariki. Melkior aliutoa mwenyewe uwe tuzo ya bingwa, kwa majivuno, akiamini kwamba hautalala nyumba nyingine. Ulilala kwa Abdillah mwaka mzima, na mke wa Abdillah aliutumia kukatia mchicha.

"Kusiba ni kuziba," Melkior alisema, kwa sauti aliyoipata katika shule ya bweni, ambako sentensi isiyokamilika iliadhibiwa. "Ndimi za watu zimelegeza herufi, basi. Njia ikizibwa, mtu amekwisha."

"Ndimi za nani?" Abdillah aliuliza. "Zako au zetu sie tusiosoma?"

Sadalla, mwenye duka, alipiga makofi. Ulikuwa mwezi wa uchaguzi, wa kwanza wa vyama vingi, na hakuna aliyenunua hata kiberiti bila kutaja kura. "Jamani, nyie mnagombana nini? Siku hizi mambo ni kura. Tuwaulize wananchi!"

"Maana ya neno haipigiwi kura," alisema Melkior. Akanakili mahali pa kila kete katika daftari lake, kama anavyonakili vielelezo vya kesi, akauchukua ubao kwapani, akaondoka.

Sadalla alipasua boksi la sabuni, akaligongomea ukutani likiwa na safu tatu na penseli iliyofungwa kwa uzi. KUSIBA NI NINI? Kushindwa. Kupitwa na zamu. Suluhu. Jumatano jioni akahesabu vistari: kushindwa kumi na tisa, suluhu thelathini na tatu, kupitwa na zamu sitini na moja.

"Wananchi wamesema," Sadalla alitangaza. "Karani, rudisha ubao."

"Wananchi gani?" Melkior aliuliza.

Aliyemjibu ni Mwanaiddi, muuza chai, ambaye kibao chake cha kukalia kilitazamana na boksi lile kutwa nzima. "Kaka karani, uniulize mimi. Abiria wa treni walipiga, treni ilichelewa, wafanyeje? Wateja wa Abdillah walipiga, kila aliyekuja kupimwa suruali alielekezwa penseli kwanza. Mfugaji mmoja alichora vistari vitano, akauliza sukari inagawiwa saa ngapi."

"Na wachezaji wa drafti?"

"Hao walikuwa wanabishana. Penseli wangeishika saa ngapi?"

Melkior hakucheka. Kilichomuudhi hakikuwa ujinga, kwa kuwa ujinga hutibika. Kilikuwa ule wepesi wa mtu kujiandikisha kuwa shahidi wa jambo ambalo hakuliona wala hakulisikia, kisha kuondoka na chai yake akiwa ametimiza wajibu. Mahakamani shahidi wa namna hiyo angeulizwa swali moja tu na kushuka kizimbani akijikwaa.

Asubuhi iliyofuata aligongomea boksi lake kando ya lile la kwanza, kwa mwandiko ulionyooka: WACHEZAJI WA DRAFTI HUSEMA "KUPIGA INUBASI". MAANA YAKE NI NINI? Kula kete mbili kwa mruko mmoja. Kuingiza kingi. Kudanganya. Na safu ya nne, ambayo Sadalla hakuwa ameiweka: Sijui.

Kufikia Jumamosi, boksi lilikuwa na vistari sabini na vinne. Arobaini walijua kwamba inubasi ni kula kete mbili. Ishirini na mmoja walijua ni kuingiza kingi. Kumi na wawili walikuwa na hakika ni kudanganya. Katika safu ya Sijui palikuwa na kistari kimoja.

"Hicho changu," alisema Mwanaiddi. "Mie kweli sijui."

"Na wewe, Abdillah?" Melkior aliuliza.

"Kete mbili, bwana! Hilo neno la Tabora. Sie tumelisema tangu tunavaa kaptura."

"Mjomba wangu alikuwa anapenda sana kulitumia," Sadalla aliongeza.

Melkior alilibandua boksi lake, akaligeuza, akawaonyesha maandishi ya kiwandani upande wa nyuma. "Someni neno hili kutoka mwisho kwenda mwanzo, mkaongeze irabu moja. Polepole, msiumie."

Midomo ilichezacheza. I, N, U, B, A, S. Mwanaiddi ndiye aliyefika wa kwanza, akaangua kicheko hata birika likayumba. "Sabuni! Mmepiga kura ya sabuni kinyumenyume! Abdillah, mlikuwa mnaicheza Tabora, au mlikuwa mnaifulia?"

Abdillah alijifanya anatafuta sindano kwenye ukosi wa shati. "Haya, karani," alisema mwishowe. "Kaa na ubao wako."

Angeweza kuishia hapo. Lakini karani hafungi jalada lenye ushahidi wa upande mmoja, na Melkior alitaka ushindi wake uwe na saini. Neno kusiba lilikuwa limeletwa kijiweni na mzee Arcade, Mrundi wa makazi ya wakimbizi ya Katumba, alipokuja kufyatua matofali mjini mwaka wa themanini na tisa. Jumapili baada ya misa Melkior alipanda baiskeli, akamkuta mzee akiziba nyufa za bani lake la kukaushia tumbaku kwa udongo.

"Mzee Arcade, unachofanya hapa ni nini?"

"Ninaziba, mwanangu. Huoni?"

"Na kwenye drafti, kusiba?"

"Ah, hilo lingine." Mzee alijifuta mikono. "Hilo la kwetu. Mtoto asipokwenda shule leo, tunasema amesiba. Kete haina njia, haikuja leo. Imesiba."

"Basi mchezo umekwisha."

"Kwa nini? Mtoto akisiba siku moja mwalimu anamfukuza? Si anarudi kesho? Mwenzio anacheza, wewe unangoja."

Melkior alisimama na penseli mkononi. Huyu mzee hakuwa na kura mwezi ule, wala hakuwahi kuliona boksi la Sadalla. Yeye peke yake ndiye aliyejua. Na karani, aliyewasahihisha watu ndimi kwa miaka sita, hakuwahi kumuuliza. Akaandika maelezo yote, akamsomea, mzee akatia dole gumba.

Jioni ile ile alifika kijiweni na ubao. Akafungua daftari, akazipanga kete kama zilivyokuwa siku ya ugomvi. Abdillah alimtazama bila kuelewa.

"Kusiba ni kupitwa na zamu," Melkior alisema. "Mzee Arcade amethibitisha."

Sadalla aliruka. "Si ndivyo boksi lilivyosema!"

"Boksi halikusema kitu. Boksi lilisema hata inubasi." Akasogeza kete yake chumba kimoja. Njia ikafunguka. "Kula, Abdillah."

Abdillah alisita, kisha akala: moja, mbili, tatu. Melkior alizikusanya kete kwenye kikopo, akaupangusa ubao wa baba yake kwa leso yake mwenyewe, mbele na nyuma, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nao siku nane isivyo halali. Sasa hunidai. Mchicha mkaukatie kwingine."