Miwani ya Yu-ning na Mapumziko ya Bibi

Binti yangu Yu-ning alikuwa na miaka minane siku alipoiamkia skuta. Tulikuwa getini kwa shule, asubuhi, mimi nimeshika begi lake. Akasimama wima, akainamisha kichwa kwa adabu zote, akasema, "Habari za asubuhi, Mwalimu Tsao!"

Hapakuwa na mwalimu. Palikuwa na skuta iliyofunikwa koti la mvua la njano, na juu yake kofia ngumu. Mwalimu Tsao mwenyewe alikuwa nyuma yetu, anakula andazi.

"Angalau koti langu linaheshimiwa," akasema. Kisha akanivuta pembeni. "Baba Yu-ning, huyu mtoto haoni."

"Anaona, Mwalimu. Muhula uliopita mlimpima hapa hapa shuleni, akapata zote."

"Mpeleke," akasema, na kumalizia andazi lake.

Nikampeleka kliniki ya macho mchana uleule. Daktari Peng, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtangazaji wa redio, alimkalisha Yu-ning kwenye kiti kirefu, mbele ya ukuta wenye chati. Mnaijua chati ile: mistari ya herufi E, nyingine inatazama juu, nyingine pembeni, nyingine chini, na mtoto anaonyesha kwa mkono zinakotazama. Daktari alikuwa bado anatafuta swichi ya taa Yu-ning alipoanza: "Juu, kushoto, kushoto, chini, kulia, chini!" Mikono inakwenda kama ya askari wa barabarani.

"Hodari sana," akasema Daktari Peng. "Sasa subiri niwashe."

Yu-ning akaziba mdomo kwa mikono miwili, lakini alikuwa amechelewa. Ikajulikana kwamba shuleni, wanakotumia chati hiyohiyo, huwa anasimama mwisho wa foleni, na kwamba alikwisha kuwasikiliza wenzake ishirini na sita wakijibu, akayatia majibu kwenye wimbo wa kuruka kamba. Niliona aibu. Na miungu wanisamehe, niliona fahari kidogo pia.

Daktari akabadilisha chati. Chini ya mstari wa pili binti yangu hakupata kitu. Akatiwa matone machoni, akapimwa kwa mashine moja, kisha nyingine inayopima urefu wa jicho lenyewe.

"Jicho lake linarefuka kuliko inavyotakiwa," daktari akanieleza. "Likirefuka, picha ya vitu vya mbali inatua kabla ya kufika mahali pake, ndiyo maana anaona ukungu. Miwani ya kawaida itamfanya aone, lakini jicho litaendelea kurefuka kama kawaida yake. Hii hapa ni tofauti." Akanipa lenzi moja niishike. "Katikati ni safi, ndipo anapotazamia. Kuzunguka hapo kuna vilenzi vidogo vidogo, mpaka uinamishe kwenye mwanga ndipo uvione. Vinaupeleka mwanga wa pembeni kwa namna inayoliambia jicho lipunguze mwendo."

"Kwa hiyo atapona?"

"Hapana. Urefu ulioingia haurudi. Tunapunguza mwendo tu, na si kwa watoto wote sawasawa. Ndiyo maana kila miezi sita mnarudi napima. Ikionekana haitoshi, kuna matone tunaweza kuongeza."

"Si tungoje kwanza akue?"

"Ukingoja akue, na jicho linakua. Jicho refu sana lina hatari zake ukubwani, si miwani minene tu." Akainua vidole viwili. "Nina masharti mawili. Avae tangu anapoamka mpaka anapolala. Wiki ya kwanza pembeni ataona ukungu, kwa hiyo ngazi ashuke polepole. Na acheze nje mchana, kwa muda wa saa mbili kila siku. Masomo ya twisheni yatamsubiri."

Mke wangu Ya-jung alikubali bila swali. Aliyebaki alikuwa mama yangu.

Mama yangu, Hsiu-luan, ana miaka sabini na miwili na ana kibanda cha kuuza tofu, maziwa ya soya yaliyogandishwa laini, katika maji matamu ya tangawizi, karibu na hekalu la mtaani kwetu. Yu-ning akitoka shule anakaa kwake mpaka sisi tutoke kazini. Alipomwona na miwani, aliweka upawa chini.

"Nani kamvalisha mjukuu wangu vioo?"

"Daktari, Mama."

"Mimi naona nzi aliye ng'ambo ya barabara, na sijavaa kitu."

"Na uzi kwenye sindano, Mama?" mke wangu akauliza kwa upole.

Mama akajifanya hakusikia. "Mvishe mtoto miwani, macho yanakuwa mavivu. Anatakiwa supu ya maini." Nikamweleza habari ya vilenzi, urefu, miezi sita. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Haya. Sina neno."

Mama yangu akisema hana neno, mtu mwenye akili anashtuka. Mimi nilikuwa na haraka, nikaondoka.

Miezi sita ikapita. Daktari Peng akapima, akapima tena, akakunja uso.

"Limerefuka karibu robo milimita. Ni kama hakuvaa kitu. Anavaa saa ngapi kwa siku?"

"Tangu anaamka," nikajibu kifua mbele.

Yu-ning alikuwa anavitazama viatu vyake. "Nikitoka shule Bibi anaipumzisha," akasema.

"Anapumzisha nini?"

"Miwani. Anasema inachoka. Inalala kwenye kopo la karanga."

Daktari akaichukua miwani, akainusa. "Ah," akasema. "Nilikuwa nadhani harufu hii ya karanga ni ya sabuni yenu."

Kwa hiyo kila siku, kuanzia mchana hadi giza linapoingia, binti yangu alikuwa anafanya kazi za shule pua imegusa daftari, na akimaliza anatazama katuni kwenye simu ya bibi yake, simu ikiwa kiganja kimoja kutoka usoni. Huku miwani imelala na karanga.

Siku hiyo niliendesha skuta yangu nikifanya mazoezi ya hotuba. "Mama, safari hii umezidi." Kwenye taa nyekundu watu walinigeukia. Nilipofika kibandani nikafungua kinywa, kikatoka, "Mama, umeshakula?"

"Nimekula. Mbona uso kama umenyonya ndimu?"

"Hapana, jua tu."

Ya-jung aliponisikia nikisimulia hilo alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake akaenda mwenyewe. "Mama," akasema, "daktari ana swali. Sisi katuona hatujui kitu, anakutaka wewe."

Mama akavaa hereni zake za jade, jiwe la kijani, na viatu vya Mwaka Mpya, tukaenda naye kliniki, mimi na Ya-jung.

Daktari Peng alimkaribisha vizuri, akamwekea karatasi mezani. "Tazama, Bibi. Mstari huu wa juu ni jicho lisilofanyiwa kitu. Huu wa chini ndio tuliotegemea. Yu-ning yuko hapa."

Mama akainama mpaka paji la uso likakaribia karatasi. "Mbona yuko karibu na wa juu?"

"Kwa sababu miwani haikuvaliwa vya kutosha, ndivyo ninavyofikiri. Mchana huwa yuko na nani?"

Nilitazama ukutani. Mke wangu naye akatazama ukutani.

"Na mimi," mama yangu akasema. Sauti ile ndogo nilikuwa nimeisikia mara moja tu, siku tulipomzika baba.

Daktari hakumgombeza. Alisogeza kiti karibu. "Basi wewe ndiye ninayekuhitaji, Bibi. Hawa wawili wanampata jua limeshazama. Mwenye mchana ni wewe."

Mama hakuomba msamaha kwa mdomo, na hatujawahi kumdai. Lakini jioni moja niliwahi kufika nikamkuta anaiosha miwani kwa maji na sabuni, taratibu, kisha anaikausha kwa kitambaa kipya ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa.

Tangu wiki ile kibanda kilifungwa saa tisa na nusu. Wateja wakilalamika, aliwaambia waje mapema au wamfuate uwanjani. Alinunua filimbi. Alikwenda na Yu-ning kwenye bustani kando ya mfereji; siku ya pili walifuatwa na watoto wawili wa jirani, na mwezi ulipoisha walikuwa kumi na mmoja, wazazi wanamletea kama wanapeleka shule. Mtoto mmoja alithubutu kuvua miwani yake afute jasho, akakawia kuirudisha.

"We! Rudisha usoni!"

"Naipumzisha, Bibi."

"Imekwambia imechoka? Imekwambia lini? Vaa!"

Mvua ikinyesha aliwatembeza barazani mwa maduka, huku na kule, mpaka wenye maduka wakawajua kwa majina.

Kipimo kilichofuata Mama alikuja bila kualikwa. Safari hii jicho lilikuwa limerefuka chini ya nusu ya mara ya kwanza.

"Kwa hiyo amepona," Mama akasema.

"Hajapona, Bibi. Anakwenda polepole, na ndilo tulilotaka. Itabidi tuendelee miaka kadhaa."

Mama akapiga hesabu kimya kimya, midomo ikicheza. "Mtoto nitamwangalia mimi," akasema. Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye tatizo. Tangu tumekaa hapo nje umetazama simu, na tumbo limekaa mapajani. Twende uwanjani."

"Mama, nina kazi."

"Kazi itakusubiri."

Nikaenda. Waliniweka kwenye kamba, watoto kumi na mmoja wakiizungusha na kuimba, mama yangu akipuliza filimbi. Kwenye mruko wa tatu suruali ikapasuka nyuma, pale pale katikati ya bustani, na Yu-ning akapiga kelele kutoka ng'ambo ya uwanja, "Baba, nimeiona chupi! Ya bluu!"