Kimbunga Kilichogeuka Mara Mbili

Kazi ya Zipporah ni kuvichungulia vimbunga kwenye picha za setilaiti, katika ofisi ya hali ya hewa Malindi. Mtu wa kazi hiyo hata akifiwa hapumziki, maana mawingu hayana matanga.

Mama yake alikuwa mochari, na nyumbani kwao Gongoni waombolezaji walikuwa wamejaa. Desturi ya kwao ni kulala nje, uwanjani, wazee kwa watoto, hadi marehemu azikwe. Maziko yalipangwa Jumamosi, ili Easter, mdogo wake afanyaye kazi Arabuni, awahi kuuona uso wa mama. Zipporah ndiye aliyewatoa watu wasiwasi: kimbunga kilichoko baharini kinashuka kusini, Tanzania, walale bila shaka. Walimwamini.

Alhamisi alasiri, jicho la kimbunga, lililokuwa likishuka kusini kwa adabu, lilisimama. Picha iliyofuata ilipoingia, lilikuwa limekata kona kuja kaskazini, na mawingu mazito, yale yanayoonekana mekundu kwenye kompyuta, yamejikusanya upande wa Malindi. Zipporah aliomba awe ameona vibaya. Alizirudia picha zote, na macho yake hayakuwa na kosa.

Alikwenda Gongoni, akamwita pembeni Baba Mdogo Mwaringa, msimamizi wa msiba. Alimweleza kwamba mvua hiyo ikishuka, uwanja wao ulioko bondeni utajaa maji, na watu wamelala chini. Mama azikwe kesho asubuhi, wageni watawanyike.

"Na Easter?"

"Hatawahi."

"Una hakika, mwanangu?"

"Sina hakika, Baba Mdogo. Nina picha tu."

"Basi tutazika."

Ijumaa wakamtoa mama mochari mapema, wakamzika kwa sala fupi, na wageni wakaenda zao. Jioni kimbunga kikageuka tena, kikarudi bahari kuu kufia huko. Gongoni haikupata hata tone. Jirani mmoja akatania kwamba mawingu ya siku hizi yana ahadi za mwanasiasa, watu wakacheka, nafuu imewajaa. Zipporah naye alicheka, kisha akaenda nyuma ya jiko akalia.

Easter alifika Jumamosi, jua likiwaka. Zipporah alikuwa ameomba mvua inyeshe, walau ya kulowesha udongo wa kaburi, na alilionea haya ombi lake.

"Hapakunyesha, dada," Easter alisema.

"Hapakunyesha."

Zipporah akatoa simu, akaanza kumwonyesha picha za setilaiti moja baada ya nyingine: hapa jicho lilisimama, hapa likageuka, hapa likageuka tena. Easter alizitazama zile rangi asielewe kitu. Mwishowe aliichukua simu mkononi mwa dada yake, akaizima, akaketi mchangani kando ya kaburi.

"Niambie mlimvalisha nini," alisema.

Zipporah akaketi karibu naye, akaanza na leso ya kichwani.