Nani Alipanda Maharage

Juma la kwanza Gustave aliniambia kwamba hajamaliza kusoma karatasi zangu. Juma la pili alisema ng'ombe wake mmoja aliugua, hakupata nafasi ya kushika karatasi. Juma la tatu alisema amezisahau nyumbani. Tulikuwa tumeketi ndani ya kibanda chake cha kutengenezea jibini, na nyumba yake iko hatua hamsini kutoka pale. Mlango wake tulikuwa tunauona.

"Enda uzilete, tutakungojea," Mama Mukandori alimwambia.

"Mvua iko inanyesha, Mama."

"Hii njo mvua? Hii iko mate ya mbuzi!"

Tulicheka. Gustave alicheka kuliko sisi sote, kisha akainama kukoroga maziwa ambayo hayakuhitaji kukorogwa. Niliona hilo. Muntu anaweza kukoroga maziwa kwa sababu zake.

Sisi tunaoandika hapa Karuba ni wanne. Gustave Nzabonimpa ana ng'ombe sita na hutengeneza jibini. Mama Mukandori anauza viazi na anaandika visa vya wakwe. Mzee Mbonigaba alikuwa karani wa groupement, ofisi ya chifu wetu, kwa miaka ishirini, sasa anaandika mashairi juu ya marehemu mke wake. Mimi ni mlimaji. Watu huniita Mama Shema, kwa jina la mwanangu wa kwanza. Tunakutana Alhamisi baada ya soko, kwa Gustave, kwa sababu kibanda chake kina meza na moto.

Ninaandika kwenye kurasa zinazobaki. Mwaka wa shule ukiisha, kila kaye, yaani daftari, ya watoto wangu huwa na karatasi safi nyuma. Ninazikata, ninazishona kwa uzi mweupe, na hapo ninaandika, wakati maharage yako motoni na hakuna anayeniita. Mume wangu si muntu mbaya. Huniuliza tu, "Leo tutakula hadithi?" Halafu anakwenda zake. Hajawahi kusoma hata ukurasa mmoja.

Kwa hiyo wasomaji wangu ni wale watatu. Utaratibu wetu ni huu: ukimaliza kuandika, unampa mwenzako karatasi zako, anakwenda nazo juma moja, anazirudisha. Haziendi kwa muntu mwingine. Na kwa kuwa Mzee Mbonigaba alituambia siku ya kwanza kwamba andiko lisilo na sahihi ni takataka, msomaji akimaliza huandika chini ya mstari wa mwisho: *Lu et approuvé*, yaani imesomwa na kukubaliwa, halafu tarehe, halafu jina lake lote na sahihi. Mwanzoni tulifanya kwa mchezo. Baadaye ikawa ndicho kitu tunachongojea. Ninajua wanawake wanaongoja barua kutoka Goma kwa hamu ndogo kuliko ile niliyokuwa nayo nikingoja maneno yale matatu. Majina yetu wenyewe hatuandiki. Tunajuana mwandiko, na kujiandika jina juu ya kazi yako kulionekana kama kujisifu.

Karatasi alizokuwa nazo Gustave zilikuwa kumi na moja. Zilinichukua miezi minane. Nakala nyingine sikuwa nayo. Ni hadithi ya mama anayerudi kutoka kambi ya wakimbizi, anakuta shamba lake limepandwa maharage na yamekomaa. Hajui aliyepanda. Hathubutu kuyala, na hawezi kuyaacha yaoze. Anakaa pembeni ya shamba siku tatu, na hadithi inaishia hapo.

Jumatatu baada ya Alhamisi ile ya tatu, Mama Mukandori alinifuata shambani. Alikuwa anahema, simu mkononi.

"Mama Shema, keti chini."

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Keti tu."

Niliketi juu ya rundo la magugu. Alifungua sauti aliyotumiwa kwenye WhatsApp na binamu yake wa Walikale. Mwanamume alikuwa anasoma redioni, kwa sauti nzuri, taratibu. Alisoma sentensi ya kwanza, nikajua ya pili. Alisoma ya pili, nikajua ya tatu. Mama wa hadithi aliposhika ganda la haragwe la kwanza na kuliachia, mkono wangu ulifanya vilevile hewani, na Mama Mukandori akaniangalia.

Mwishoni yule mwanamume alisema: "Mumesikia hadithi ya Papa Gustave Nzabonimpa, wa Karuba, kule Masisi. Munatupigia simu sana, kila muntu anataka kujua nani alipanda maharage. Basi Jumapili saa kumi Papa Gustave mwenyewe atakuwa kwa simu, atatuambia."

Upepo ulikuwa unapiga majani ya viazi.

"Mwizi," Mama Mukandori alisema. "Mwizi wa jibini na wa hadithi."

"Jibini alimwibia nani?"

"Ile anauzaka, anapunguza kilo. Kila muntu anajua."

"Mimi sijui," nilisema. "Tungoje."

"Ungoje nini? Mupaka Jumapili apande juu ya kiti chako?"

Niliinuka, nikamaliza mstari niliokuwa ninapalilia. Nilichotaka kujua kilikuwa kimoja: aliichukua, au iliponyoka? Na nilikuwa na siku sita za kujua, kwa sababu muntu akishasema mbele ya Walikale yote kwamba hadithi ni yake, nani atamsikiliza mama wa Karuba anayesema si ya Gustave?

Jumatano nilikwenda kuteka maji kwenye bomba la upande wao, ingawa la kwetu lipo karibu zaidi. Mke wa Gustave alikuwa hapo. Nilimuuliza habari za mdogo wake, Nicole, mwalimu wa Walikale, aliyekuja kwenye matanga mwezi uliopita.

"Alirudia salama," alisema. "Njo yeye alipeleka hadithi ya mume wangu ku radio! Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Alikwenda nayo asome mu njia. Alipofika akaona haiwezi kukaa tu mu sakoshi yake ya safari. Mama Shema, sikiliza: baba yangu, ule mwenye hakumupendaka mume wangu hata siku moja, alimupigia simu. Baba yangu! Alimuita 'mwana wangu'." Alicheka, akafuta macho kwa kitambaa chake. "Gustave alikaa mu kibanda mupaka chakula ikapoa."

Nilimsaidia kujitwika ndoo. Sikumuuliza kama mumewe alimwambia hadithi ni yake, au kama hakusema kitu tu. Nilitaka kuuliza. Lakini angejibu nini, mbele ya furaha ile?

Njiani nilipanga mambo kichwani. Nicole ndiye aliyepeleka, basi Gustave hakupeleka. Lakini alimpa karatasi, na utaratibu wetu unakataa. Halafu aliniambia amezisahau nyumbani, na nyumbani hazikuwapo. Huo ulikuwa uongo, na nilikuwa nimeusikia kwa masikio yangu. Tena nilikumbuka kwamba Gustave ameandika miaka sita juu ya mchungaji mmoja na ng'ombe wake, kaye tano zimejaa, na Mzee Mbonigaba huzitia sahihi bila kufika katikati. Sote tunajua. Hata mimi nilifanya hivyo mara moja.

Jumapili saa tisa na nusu nilikuwa mlangoni pa kibanda. Gustave alivaa koti la kanisani. Simu yake ilikuwa dirishani, kati ya jibini mbili, mahali pekee penye mtandao. Aliponiona alisimama, akaketi tena.

"Mama Shema. Umesikia."

"Nimesikia."

"Mimi sikupeleka."

"Ninajua. Nicole njo alipeleka."

Alishangaa. "Basi unajua yote."

"Hapana. Sijui kwa nini uliniambia mvua."

Aliangalia mikono yake. "Nilikuwa nimeisoma mara nne. Nikasema acha Nicole naye asome, atairudisha kesho yake. Akaondoka nayo. Nikaogopa kukuambia. Halafu Jumapili moja simu ikaanza. Muntu simujui, wa Hombo, ananiambia, Papa, umenitoa machozi. Mimi! Miaka sita, Mama Shema, hakuna muntu ameniambia hata machozi hata usingizi."

"Na ulimujibu nini?"

"Nilimwambia aksanti."

"Tu?"

"Nilimwambia aksanti," alirudia.

"Na leo ulikuwa utasema nini?"

"Nilikuwa nitasema kweli."

Alisema haraka. Nilimtazama, nikatazama koti, nikatazama kipande cha karatasi alichokuwa amekiandaa mezani, kimegeuzwa uso chini. Sikukigeuza. Hadi leo ninajiuliza kama ningepaswa.

Simu ililia. Gustave aliibonyeza, na sauti ile nzuri ikajaa kibandani.

"Allô, Papa Gustave! Élie njo anakuita, wa ku radio. Bado dakika kumi tuingie, ninajaribu tu laini. Unanisikia muzuri?"

Gustave alifungua mdomo. Aliniangalia, akaufunga. Nilingoja. Kisha nikasogea dirishani.

"Papa Élie, minaitwa Agathe Uwamariya. Ile hadithi niliandika mimi."

"Nani?"

"Agathe. Papa Gustave alikuwa musomaji."

Kulikuwa na mlio wa karatasi. "Mama, samahani. Niko nayo hapa mbele yangu. Chini kabisa iko jina, tarehe na sahihi. Gustave Nzabonimpa."

"Iko sahihi ya musomaji."

"Musomaji anatiaka sahihi?"

"Kwetu, ndiyo. Angalia mbele ya jina: *lu et approuvé*."

"Minaona. Lakini Mama, ku ofisi yote ninajua, mwenye kuandika hivyo njo mwenye mambo." Alicheka kidogo, kwa adabu. "Na jina yako iko wapi?"

"Haiko."

"Haiko." Nilisikia ananipima. Ningekuwa yeye, ningejipima vilevile. "Sawa. Mimi siko tribunali ya kukata kesi. Nikuulize tu kitu kimoja. Nani alipanda maharage?"

"Sijui," nilisema.

"Mama?"

"Sijui, Papa. Nilitaka kujua, njo maana niliandika. Nilifika mwisho bila kujua."

"Mwenye kuandika hajui?" Sasa hakucheka. "Papa Gustave yeye anajua. Juzi kwa simu aliniambia: ni bwana wa ule mama. Alirudi wa kwanza, akapanda, akaogopa kujionyesha."

Niligeuka. Gustave alikuwa amesimama mbele ya rafu ya jibini, mgongo kwangu. Katika kurasa zangu kumi na moja hakuna bwana. Sikuwahi kumpa yule mama bwana. Lakini lilikuwa jibu zuri, na nilisikia kwamba ni zuri, na hilo ndilo lililoniuma.

"Tufanye hivi," Élie alisema. "Wakati inatukimbiza. Nitatangaza majina mbili. Imeandikwa na Gustave na Agathe. Hakuna mwenye atakasirika. Papa Gustave, unaonaje?"

Lile halikuwa swali langu.

Gustave alichukua jibini, akaigeuza, akaifuta kwa kitambaa cha chumvi, akairudisha. Akachukua ya pili. Aliigeuza. Nilisikia simuni, nyuma ya Élie, muziki wa tangazo fulani. Akachukua ya tatu.

"Papa Gustave? Uko pale?"

Alishika jibini ile ya tatu mikononi kama anayepima uzito wake. Tangazo liliisha, likaanza lingine.

"Ondoa jina yangu," alisema hatimaye.

"Una uhakika? Sitaki kesho muntu wa tatu anipigie."

"Ondoa. Iko ya Mama Shema."

"Na bwana wa ule mama?"

"Niliongopa," Gustave alisema. "Hakuna bwana."

Nilizungumza redioni dakika saba. Élie alinitambulisha vizuri, ingawa alisema "anasema njo yeye aliandika," na neno lile *anasema* lilikaa sikioni mwangu hadi mwisho. Watu walipiga simu. Mmoja alisema maharage yalipandwa na askari, mwingine akasema ni kanisa. Kisha akaja mama mmoja, sauti yake ndogo, laini mbaya.

"Mimi njo nilipanda," alisema. "Siyo mu hadithi. Kweli. Tulikaa mu shamba ya watu, upande wa Bihambwe, tukapanda, tukakimbia mbele haijakomaa. Mama, uniambie, mwenye shamba alirudi? Alikula?"

Sikujua kama anasema kweli au amependa tu kusikika. Siku hizo nilikuwa nimesikia mengi. Nilimwambia sijui, lakini nikirudi nyumbani nitaandika mbele kidogo, labda tutajua. Alisema aksanti. Laini ikakatika.

Gustave alinishikia mlango nilipotoka. Nilimwambia amefanya vizuri, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nicole alirudisha karatasi zangu baada ya majuma mawili, bila ukurasa hata mmoja kupotea. Mama Mukandori bado anamwita mwizi, lakini anaketi karibu na moto wake. Mimi simuiti hivyo. Ila ninapokumbuka ile jibini ya tatu, ninahesabu tena muda alioutumia kuishika, na kila mara ninapata muda mrefu zaidi.

Alhamisi iliyopita nilikuwa na kurasa nne mpya. Nilizisoma kwa sauti, wote wakasikiliza, na Gustave alisema mahali fulani panakwenda mbio sana. Alikuwa sahihi, nikapaweka alama. Nilipomaliza alifuta mikono yake kwa koti la kazi, akanyoosha mmoja juu ya meza.

Nilizikunja kurasa nikazitia mfukoni. Mkono wake ulikaa pale kidogo, kisha akaurudisha kwenye mwiko, akaanza kukoroga.