Bao la Ugoko

Tarmo Suokanto alikuwa amecheza mechi mia sita na arobaini za ligi ya hoki ya barafu bila kufunga bao hata moja, na mji mzima wa Kuuskoski uliijua hesabu hiyo. Hakuwa mchezaji mbovu. Alikuwa beki wa nyuma kabisa, na kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya kipa wake na kuhakikisha kile kisahani cheusi hakifiki wavuni. Pale ambapo gongo halikutosha alitumia mwili. Kwa misimu kumi na tisa alikuwa amevunjika vidole vinne, mfupa wa unyayo na taya, na meno yake matatu ya mbele yalitengenezwa na daktari. Katika misimu sita kati ya hiyo, Kuuskoski ilifungwa mabao machache kuliko timu yoyote ya daraja lake. Tarmo aliziweka takwimu hizo mbele kuliko sifa za magazeti, kwa sababu magazeti yaliandika zaidi juu ya ile sifuri.

Mashabiki nao hawakumwacha. Kila alipopata kisahani upande wa wageni, jukwaa la kaskazini lilimwimbia apige, naye kila mara akampasia mwenzake. Duka la klabu liliuza fulana yenye jina lake na sifuri kubwa mgongoni, ingawa jezi yake ilikuwa namba ishirini na tisa. Fulana hiyo iliuzika kuliko ya mfungaji bora.

"Usije ukafunga, mzee," mtunza vifaa alimwambia kila mwanzo wa msimu. "Nina maboksi mawili hayajatoka bado."

Kwa miaka tisa alikuwa kapteni. Katika hoki ya barafu, mtangazaji akimtaja mfungaji asiye sahihi, ni kapteni anayekwenda kwa mwamuzi kuomba marekebisho. Asipoomba kabla ya mechi kwisha, kilichoandikwa kimeandikwa. Tarmo alikuwa ameomba mara thelathini na mbili, zote kwa ajili ya wenzake, na mara thelathini na moja alikuwa sahihi. Kwa ajili yake mwenyewe hakuwahi. Kwanza hakukuwa na cha kuomba. Pili, mtu wa Kuuskoski hajisemei. Ukijisifu asubuhi kwenye foleni ya duka, jioni unayakuta maneno yako sauna, kwenye bafu la mvuke, yameongezwa chumvi, na wanaokutazama wote wako uchi na wanacheka.

Mechi ya mia sita arobaini na moja ilikuwa ya mwisho wa msimu na ya mwisho kwake. Nyonga ilikuwa imekataa kuendelea, na alikwisha kutangaza kwamba anastaafu. Katika kipindi cha tatu, timu zikiwa zimefungana bao moja kwa moja, mshambuliaji wa Kuuskoski aitwaye Eeli Rautapuro alimtega mgeni kwa gongo. Mwamuzi akainua mkono kuonyesha kwamba adhabu inakuja. Wageni ndio waliokuwa na kisahani, kwa hiyo mchezo ulitakiwa kuendelea mpaka Kuuskoski wakimiliki. Kipa wa wageni akakimbilia benchi ili mshambuliaji wa ziada aingie. Hivyo ndivyo kila timu hufanya. Goli linabaki tupu, lakini hatari haipo, kwani wapinzani wakikishika tu kisahani, filimbi inalia.

Mgeni mmoja alipiga shuti kali kutoka mbali. Tarmo alikwisha kulala kwenye njia yake kabla gongo halijashuka. Kisahani kilimgonga ugoko wa kushoto, juu kidogo ya kiatu, kikaruka na kuangukia gongo la mgeni mwingine, namba kumi na nne. Huyu, Rautapuro akimjia mbio, aliharakisha kumrudishia beki wake bila kutazama. Beki hakuwepo. Kisahani kikateleza uwanja mzima peke yake, polepole, watu elfu tatu wakikitazama, kikaingia katikati ya goli tupu.

Sheria ya bao la namna hiyo haina utata: huandikiwa mchezaji wa mwisho wa timu iliyofaidika aliyekigusa kisahani. Mtangazaji akasema ni Eeli Rautapuro, bao lake la ishirini msimu huu. Wakati linatangazwa, Rautapuro alikuwa anafungua mlango wa kibanda cha adhabu akatumikie dakika zake mbili.

Beki mwenza wa Tarmo akamsogelea. "Kile kimekugonga wewe."

"Najua."

"Eeli hajakigusa."

"Hilo sijui. Nilikuwa chini."

"Sasa nani aende kuuliza, mimi? Kapteni ni wewe."

"Tuzuie kwanza," alisema Tarmo.

Wakazuia. Dakika nzima walikaa wanne dhidi ya watano, na Tarmo hakutoka barafuni. Kichwani alirudia mambo mawili tu. Ugoko ulikuwa unamwasha, kwa hiyo mguso wake ulikuwa hakika. Na kama ugoko huo ungekuwa wa mtu mwingine, angekuwa amekwisha kwenda. Hakupata hoja ya tatu. Kipa wao alipokilalia kisahani na filimbi ikalia, Tarmo aliteleza moja kwa moja hadi kwa mwamuzi.

"Bao la pili. Naomba libadilishwe."

"Liende kwa nani?"

"Ishirini na tisa."

Mwamuzi akatazama jezi iliyokuwa mbele yake. "Ishirini na tisa si wewe?"

"Ni mimi."

Walikwenda pamoja kwenye meza ya waandishi wa rekodi za mechi, iliyo nyuma ya kioo, ukuta kwa ukuta na kibanda cha adhabu. Mwandishi mkuu alikuwa Sisko Hyttilä, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyewahi kumfundisha Tarmo na baadaye Rautapuro. Tarmo aliinama kwenye tundu la kioo.

"Mwalimu, kimenigonga ugoko wa kushoto, kikaenda kwa namba kumi na nne wao. Baada ya hapo sijui."

"Umechelewa dakika moja na sekunde kumi na nane," alisema Sisko. Akageukia kibanda. "Rautapuro, ulikigusa?"

"Mwalimu, mimi mfungwa. Mfungwa anahojiwa bila wakili?"

"Jibu."

"Lile lingekuwa la ishirini. Timu za ligi kuu zinatazama ishirini."

"Sijakuuliza hesabu. Hesabu ninazijua, na zako nazikumbuka."

Mwamuzi alicheka kidogo, akajirudi. Rautapuro alimtazama Tarmo kwa hasira ya kweli.

"Misimu kumi na tisa, mzee, na uroho umeuanza leo?"

"Lingekuwa la mwingine ningekuja hivihivi."

"Najua." Akavua kofia, akajifuta jasho. "Sikukigusa. Gongo langu lilikuwa mbali, hivi." Akapima kwa viganja, akaviachanisha zaidi. "Hivi, kusema kweli."

Sisko alikwisha kuanza kuandika.

Mtangazaji alisoma marekebisho kwa sauti ileile anayotangazia magari yaliyoegeshwa vibaya. Muda, dakika hamsini na moja na sekunde arobaini. Mfungaji, namba ishirini na tisa, Tarmo Suokanto. Bila pasi ya mwisho. Kwa sekunde moja hivi ukumbi haukuelewa, kisha jukwaa la kaskazini likasimama, na baada yake yale mengine yote, hadi upande wa wageni. Makelele hayo yalichelewesha mchezo. Tarmo aliinua gongo mara moja, hadi usawa wa bega, akalishusha. Lilikuwa bao lake. Hakuwa ameazimwa wala kupewa zawadi ya kuagwa. Lilitokana na kazi aliyoifanya maelfu ya mara, na safari hii kazi hiyo ilikuwa imeandikwa.

"Hongera, babu," alisema namba kumi na nne walipopangana tena. "Umefunga ukiwa umelala."

"Na wewe pasi yako ilikuwa nzuri," alisema Tarmo.

Zilibaki dakika saba, na alicheza nne kati ya hizo. Matokeo hayakubadilika. Rautapuro aligonga mwamba mara moja, akamaliza msimu na mabao kumi na tisa. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wote walipokuwa wamevua viatu, alimletea Tarmo kahawa, akakaa karibu naye.

Baadaye Tarmo alikwenda kwa Sisko kuchukua nakala ya karatasi ya mechi. Alisoma mstari wake mara mbili, namba, muda na jina. Halafu akashuka kwenye safu ya wageni: mashuti thelathini na manne, bao moja.

"Hili lao," alisema, akiweka kidole, "lilikuwa kosa langu. Nilisimama hatua moja ndani mno."

"Hiyo haina safu hapa," alisema Sisko.

"Najua. Nimekuambia tu."