Samli ya Nalangu

Hansa alikuwa amechoka na kila mtu. Alichoka na mashine ya kusaga, ambayo leo ilikatika mkanda, kesho ilikosa dizeli, na keshokutwa iligoma tu kama punda wa kuazima. Alichoka zaidi na mumewe, Mansukh, maana kila ilipozimika mashine alipata sababu ya kusema, "Twende zetu Uingereza kwa Nilesh." Nilesh ni mtoto wao, na Hansa alimpenda. Lakini yeye Hansa alizaliwa hapa hapa Karatu. Uingereza angeenda kufanya nini, kukaa dirishani?

Mwishowe walikubaliana shingo upande. Itafanywa havan, ibada yao ya moto, kumwomba Ganesh aondoe vikwazo na Lakshmi alete neema. Ikienda vizuri, watabaki. Ikiharibika, Mansukh atauza mashine.

Pandit, kuhani wa kuiongoza, alitoka Arusha, akafika amejaa vumbi na malalamiko. Mara chai haina tangawizi, mara kuni zina unyevu, mara Hansa ameketi upande usio wake. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja mwenyeji augue. Kiswahili nacho alijua cha kuagizia chai tu.

Ikabaki samli. Mwaka ule madukani haikuonekana, wala sukari, wala sabuni, hivyo Hansa alimwagiza Nalangu, mama wa Kimaasai wa Endulen aliyezoea kubadilishana naye samli kwa unga. Nalangu akaja na kibuyu chake, akayaona matofali yaliyopangwa mbele ya mashine na kuni katikati.

"Mama Nilesh, mnapika nini?"

"Hatupiki, yeyo," alijibu Hansa, akimwita mama kwa Kimaasai. " Samli tunaimimina motoni, kijiko kwa kijiko. Ni sadaka."

Nalangu akakivuta kibuyu mapajani. "Hapana. Mafuta ya maziwa yakiungua, ng'ombe anaungua kiwele. Mimi nimekuletea ya kula."

Hansa aliona kichwa kinataka kupasuka. Akaeleza taratibu kwamba kwao ng'ombe ni mama, na hakuna watu wanaomheshimu kuliko wao.

"Na mama yako unamchoma matiti?" Nalangu aliuliza.

Mansukh akakohoa kuficha kicheko. Hansa angeweza kumpiga kwa kile kijiko cha sadaka, tena mbele ya pandit. Ibada ya kuondoa vikwazo, na kila aliyekuwapo alikuwa kikwazo.

"Yeyo," alisema, "moto huu usipowaka, mashine inauzwa na mimi naondoka. Sitarudi tena." Sauti ikamkatika, na hilo nalo likamuudhi.

Nalangu alikiweka chini kibuyu cha mapajani. Kisha akafungua kibuyu kingine, kidogo, kilichoning'inia begani mwake.

"Hii ni ya Narok, ng'ombe wangu mweusi. Alikufa kwa ndigana mwezi uliopita. Yeye hana tena kiwele cha kuungua. Ndiyo samli yake ya mwisho, chukua."

Pandit akakinusa kibuyu, akakunja uso kwa harufu ya moshi. Akauliza kwa Kigujarati kama ng'ombe mwenyewe yu hai na ana ndama, kwa sababu neema haiitwi kwa mafuta ya mzoga.

"Yu hai," Hansa alijibu.

"Na ndama?"

"Anaye."

Pandit hakuridhika. Akamgeukia Mansukh. "Wewe unaijua lugha yao. Huyu mama amesema nini?"

Hapo Hansa akajua amekwisha. Mumewe alikuwa amesikia kila neno. Alihitaji kusema ukweli tu, sentensi moja, na ibada ingeharibika palepale bila yeye kulaumiwa. Hasira zote zikamtoka Hansa, ikabaki hofu tupu. Hata kumtazama mumewe hakuweza.

Mansukh alimtazama yeye, tena kwa muda mrefu kuliko alivyozoea. Akamtazama Nalangu, ambaye bado alikuwa ameshika kifuniko cha kibuyu kama mtu asiyejua akiweke wapi.

"Amesema ng'ombe anaitwa Narok," alimjibu pandit, "na kwamba maziwa yake hayajawahi kukauka."

Kisha akaketi kando ya mkewe na kunyoosha mkono.

"Nipe kijiko, Hansa. Watu wanasubiri unga."