Watoto Wawili wa Muthama

Wewe unayesoma hapa ulikuwepo. Usiniambie ulikuwa kanisani. Muthama, mtunza bustani, alipoulizwa ana watoto wangapi, uliinama ukajifanya unafunga kamba za viatu, na viatu huna. Kama hukuwa Lavington Jumapili iliyopita, basi uliinama kwenye foleni nyingine, maana karani amezunguka kote.

Karani mwenyewe, Ogutu, hana ubaya. Kamati ya mishahara imemtuma awaulize wapishi na watunza bustani mambo mawili: nyumbani mko wangapi, na shamba linawalisha miezi mingapi. Mpaka leo tunalipwa mshahara wa kapera. Mabwana wanasema mke na watoto wanakula shambani, kwa hiyo mwanamume apewe cha kutosha tumbo lake tu. Karatasi zikionyesha shamba halilishi, watabanwa walipe mshahara wa mtu mwenye familia. Muthama atapanga chumba Kawangware, amlete mkewe Munyiva na watoto.

Na shida anaijua. Ijumaa nilimsomea barua ya Munyiva, maana yeye hasomi, na mimi ndiye ninayewasomea wenzangu hata magazeti. Wamekula mahindi ya mbegu. Miguu ya Kanyiva, kitinda mimba, imevimba, ukiibonyeza shimo linabaki.

Kijiji chetu huko Machakos kina nyumba kumi na tisa. Nilizipitia mwenyewe Desemba. Mwaka wa thelathini na nane, kabla serikali haijatupunguzia ng'ombe kwa nguvu, kila nyumba ilikuwa na mwanamume na maziwa. Miaka kumi na sita imepita. Watu wameongezeka, wamefika mia moja na kumi na wanne, lakini wanaume wa umri wa kazi waliobaki ni wanne, mmoja wao kipofu. Ng'ombe ni saba. Kijiji kizima.

Basi Jumapili hiyo tulikuwa kumi na mmoja, tumekaa kwenye nyasi nyuma ya jiko la bwana.

"Watoto?" Ogutu akauliza.

"Wawili," Muthama akasema.

Anao watano.

"Chakula ya shamba inafika miezi ngapi?"

"Mwaka mzima. Ghala imejaa, karani. Ukitaka nikupe gunia upeleke kwenu Nyanza."

Watu wakacheka. Mzee Mwololo, mpishi, akajipiga paja.

Nikasimama. "Muthama, Ijumaa nilikusomea nini?"

"Kaa chini, bwana magazeti. Unataka nihesabu watoto yangu kama mbuzi ya mnada?"

"Karani, andika watano."

"Siwezi," Ogutu akasema. "Naandika ile mwenyewe anasema."

"Na njaa je?"

"Njaa ni ya nyumba yangu," Muthama akajibu, sasa kwa sauti ya chini. "Si ya hawa."

Nayajua hayo. Nimelelewa na mwiko huohuo: ukimhesabu mtoto unamwita kifo. Nakumbuka pia kwamba waliotaja ng'ombe wao wote mwaka ule ndio walionyang'anywa. Lakini kamati haitaki ng'ombe wetu safari hii. Mabwana ndio wanaotaka isikie tumeshiba, na tunawasaidia, tena kwa kicheko.

Zamu yangu ilipofika niliwataja wangu sita, jina kwa jina. Nikasema ghala langu lina panya tu, nao wamekonda. Hakuna aliyecheka.

Ogutu akakusanya karatasi, akaniambia, "Mzee, kumi wameshiba na wewe mmoja una njaa. Watasema wewe ni mvivu."

Jumatatu Muthama akaja na karatasi nimwandikie mkewe. "Mwambie avumilie."

Nilikataa. Nilimwambia kwamba Ogutu atakuwa sokoni Dagoretti Jumamosi, na mtu anaruhusiwa kusahihisha majibu yake kabla hayajapelekwa mjini. Akakwangua udongo kwenye jembe.

"Nikiwataja wote watano," akasema, "utasimama karibu?"

Nitasimama. Lakini karatasi mbili, yake na yangu, hazitoshi, zitatupwa kama ambavyo moja ingetupwa. Ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi, meza ya Ogutu iko upande wa machinjioni. Nenda. Wataje watoto wako wote, kwa sauti, na jirani yako asikie. Sema ghala ni tupu. Usingoje mwingine aanze.