Mwenyekiti Firigisi

Niliota usiku wa kuamkia leo kwamba firigisi ya kuku amechaguliwa kuwa mwenyekiti wa kikao cha ukoo wetu. Hakuna aliyeshangaa. Amekaa juu ya sahani, amefunga tai, na baba mdogo Mbonea anamfukuzia inzi.

Ajenda ni moja: nyumba ya marehemu baba. Mimi ndiye niliyemuuguza, nikamgeuza kitandani, nikamlisha uji. Kaka yangu Sifaeli alikuja kuzika tu, akaanza kupima madirisha. Nayasema hayo nikiwa mlangoni, maana wanawake tumewekwa jikoni, na Firigisi anadai hanioni.

"Wanawake hawanili," anasema, "kwa hiyo hatuonani. Ndiyo mila."

Mila! Nikamkumbusha kwamba mchana wa jana ni mimi huyu niliyempasua, nikamtoa mchanga tumboni na kumbandua lile gamba la njano. Akasema hayo ni mambo ya jikoni, hayaingizwi kikaoni.

Ikapigwa hodi. Wimbi la Kwanza la ukombozi wa wanawake limefika, bibi wa maji matupu, amekumbatia sanduku la kura. Akashukuriwa, akaambiwa apitie mlango wa nyuma. La Pili likaja na kazi na mshahara sawa. La Tatu likasema kila mwanamke ajisemee mwenyewe. La Nne lina simu mkononi, linawataja kwa majina wakubwa wanaopapasa wasichana maofisini. Yote mlango wa nyuma.

Nachungulia jikoni. Pamegeuka ukumbi wa bunge, na mawimbi yote manne yamepanga mstari yanaosha sufuria.

Niliwaka. Nikayauliza kama yalitoka kote huko kuja kusugua masizi. Wimbi la Kwanza akanijibu kwa upole kwamba wameambiwa usawa umeshapatikana, kimebaki chombo kimoja tu. Nikatazama. Sufuria zimefika darini.

Na ndivyo tunavyoambiwa mpaka leo: mmesoma, mna vyeo, mnataka nini tena? Nataka kiti. Nataka niwe nimekaa kwenye kiti nyumba ya baba yangu inapogawanywa, basi.

Narudi sebuleni, Firigisi anafunga kikao. Nyumba ni ya Sifaeli, kwa kuwa binti hakusema neno.

"Asiyekuwapo na lake halipo," anasema.

"Si ninyi wenyewe mlioniweka jikoni?"

"Kanuni ni kanuni. Anayenila ndiye mwenye sauti."

Basi nikamla.

Nikamtafuna pamoja na tai yake mbele ya ukoo mzima, naye akaendelea kusoma maazimio mpaka akapita kooni. Sifaeli akakunja futi yake. Baba mdogo akasimama, akaniuliza kwa adabu zote, "Mwenyekiti, tuendelee?"

Nikaamka. Kikao chenyewe ni leo. Nachukua mwiko, naingia jikoni kupikia wageni, namkuta Mama ameinamia bakuli alimofunika firigisi ya baba mdogo tangu jana, ile ya kumpokelea. Bakuli ni tupu.

Nikapitisha ulimi kwenye meno. Kuna kinyuzi cha nyama kimenasa gegoni.

Mama akanitazama mdomo. Nikajiandaa kugombezwa. Akauchukua mwiko mkononi mwangu.

"Aliyeila hakai jikoni, mwanangu," akasema. "Nenda kachague kiti kabla hawajafika."